Mitungi Iliyokuwa Ikitembea

Nilianza kuwashuku watu wa foleni asubuhi niliyoona mtungi wenye kitambaa chekundu umesogea mbele, na mwenyewe hayupo.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa msimamizi wa bomba la maji kule mtaa wa Lindi, Kibera. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza, nami niliishika kama yai. Mwenye bomba aliishi mtaa wa Satellite na aliniambia jambo moja tu: watu wakipigana pale, anafunga. Lingefungwa, upande wetu wote ungeteka maji ng'ambo ya reli, nami ningerudi kukaa bila kazi, nimelala chali nikitazama mabati.

Nilikuwa mtu wa kufunga kufuli, kuondoka, kisha kurudi kulivuta tena. Shule ilinishinda kwa karo, nikajisomea vitabu kuukuu vilivyouzwa chini kando ya barabara kule Kawangware. Kimoja kilihusu kuongoza wafanyakazi. Hakikuwa na jalada wala kurasa za mwisho. Nilichoshika humo ni kwamba kazi ya watu wengi ni kama mashine: kila kinachosogea, kuna aliyekisukuma.

Sasa pale bombani watu hawakusimama. Kila mmoja aliacha mtungi wake kwenye mstari, umefungwa kitambaa au soksi ili ujulikane, akaenda shughuli zake. Mtungi ndio ulimsimamia. Na mitungi hiyo ilihamahama. Nikigeuka kidogo tu, wa nyuma uko mbele. Nilijua kuna mtu anauza nafasi. Nikamshuku mama wa uji, aliyeuza uji jirani na bomba, kwa kuwa mtungi wake haukukosa kuwa karibu na bomba alfajiri, na kwa kuwa alicheka sana.

Nikaipaka mitungi namba kwa rangi nyekundu, kadiri ilivyofika. Namba yako ikiitwa na hauko, unarudi nyuma.

"Ai, kijana, unatupiga chapa kama ng'ombe wa mnada?" mama wa uji akauliza.

"Ni mpango tu, mama."

"Mpango wa nani?"

Nikachovya brashi tena kwenye rangi. Nilidhani anajaribu kunipima.

Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kuondoka. Walisimama juani wakilinda mitungi, na kwa kuwa walisimama, wakaanza kuchungana: huyu anajaza mtungi wa pili, yule anamwaga maji. Fundi mmoja wa kujenga, aliyekuwa anachelewa kibarua, alimsukuma mama mwenye mtoto mgongoni. Watu wakaingilia, mtungi ukapasuka, matusi yakaruka kwa Kiluhya na Kijaluo. Habari zilifika Satellite kabla ya jioni.

"Nikisikia kelele nyingine, nafunga," mwenye bomba akaniambia. "Sitakuita hata kukuambia. Utakuta kufuli."

Nikaona lazima nimnase kiongozi wao haraka. Kesho yake nilitangaza namba zimepumzika, nikakaa kando ya bomba na kitabu usoni, macho yakichungulia juu ya ukurasa.

Fundi akapita. Bila kusimama, akausukuma kwa mguu mtungi wa yule mama wa mtoto, ukaupita wa kwake fundi. Mama hakuwepo. Mwingine akaja kuangalia wake, akauvuta wa fundi mbele. Mama wa uji akaurudisha wake nyuma. Shule zilikuwa zimefungwa, uji haukuwa na wanunuzi, maji hakuyahitaji mapema. Nilingoja ishara, mluzi, hata kukonyezana. Hakuna.

Nikamfuata mama wa uji. "Nani huwapangia?"

"Kupanga nini?"

"Nani alisema mtungi wa yule uende mbele?"

"Mtoto wake anaharisha, majirani wa ploti nzima wamesikia. Sasa aambiwe angoje?" Kisha akashusha sauti. "Na wewe sema ukweli. Nani alikutuma utuhesabu? Ni huyo wa Satellite, si ndio? Anataka kutuhamisha?"

Kumbe walikuwa wakinitafutia bosi nyuma yangu, kama nilivyowatafutia wao.

Sikuwa na jina la nilichokiona. Labda lilikuwa kwenye zile kurasa za kitabu zilizochanika. Kila mmoja alijua jambo dogo kuhusu majirani wawili watatu, akasogeza kadiri alivyojua, na foleni ikajipanga. Kwa namba zangu nilikuwa nimewafunga mikono.

Nilizifuta kwa mafuta ya taa. Mwenye bomba alipokuja, akakuta kimya.

"Umewafanya nini?"

"Nimefuta namba."

Alinitazama kama mtu anayefichwa kitu.

Baadaye washa ya bomba, kile kipira cha kuzuia maji yasivuje, ikaisha, ikabidi niende Kawangware kununua nyingine. Nilimwachia mama wa uji ufunguo, nikaweka mtungi wangu mwisho wa mstari. Kufika kona nilirudi kuchungulia, nikaona aibu, nikaenda.

Niliporudi, mtungi wangu ulikuwa mlangoni pangu, umejaa, umezibwa kwa karatasi ya nailoni.

"Nani amenijazia?"

"Mimi sijui," mama wa uji akasema, akinirudishia ufunguo. "Nilikuwa nauza uji."

Nikangoja aende zake. Kisha nikainama, nikayanusa maji kwanza, ndipo nikayaingiza ndani.