Siku Maziwa Yote Yalipoingia Kulia

Alhamdulillahi kwa kila hali, hata hali ya mzee mzima kusimama mbele ya wageni na masizi puani huku pilau yao imekosa moto kwa sababu yake. Mzee huyo ni mimi, na ni heri niwasimulie mwenyewe kabla Bi Somoe hajawasimulia (yeye hutia chumvi).

Kikundi chetu cha maziwa hapa Mingoyo kilikuwa kimechoshwa na kuni. Tulikuwa tunapasha maziwa ili vijidudu vife, kisha tunayapoza kwenye maji na joto lote linapotea bure, na israfu haimpendezi Mola. Kwa kuwa ujana wangu niliumalizia kwenye kiwanda cha maziwa huko bara, nikatengeneza bomba ndani ya bomba: maziwa yaliyokwisha kupashwa yarudi kwa la ndani, mabichi yaende jikoni kwa la nje, na njiani ya moto yayagawie mabichi joto lake. Nikapiga hesabu ya urefu kwa subira, nikaona jiko dogo la makumbi ya nazi litatosha. Ila hesabu ilikuwa na sharti: maziwa yapishane uso kwa uso, haya yaingie kulia, yale kushoto.

Siku ya uzinduzi kila mwanakikundi alileta maziwa yake ya asubuhi, na Bi Somoe, mjane mwenye ng'ombe wawili, hakubakiza hata ya chai ya wajukuu. Wageni wamekaa, pilau iko jikoni. Ndipo Mzee Issa, rafiki yangu tangu chuo cha Kurani, aliyekuja kutusomea dua, akayatazama mabomba, akaniinamia sikioni.

"Sheikh, siku ya heri kama hii, mbona hili moja linaanzia kushoto?"

Ningeweza kumweleza, lakini watu walikuwa wanatutazama, nami nikajiambia bomba ni lile lile na urefu ni ule ule, kwani kitapungua nini? Nikahamisha mpira wa kupitishia maziwa, yote yakaingia kulia, Mzee Issa akatabasamu, akasoma dua ndefu, tukaitikia amin.

Kipima joto kikapanda, kikafika mahali kikatulia kama mtu aliyefika kwake. Maziwa yasiyofikia joto siwezi kumpa mtoto wa mtu, basi nikayarudisha kwenye pipa yaanze upya, nikaongeza makumbi mpaka yakaisha, jua nalo linapanda, na Bi Somoe ananitazama kwa jicho la mtu anayejua kuwa maziwa hayangoji. Nikaenda kwa wapishi kuchukua kuni za pilau (niliomba, wallahi, ila nilikuwa nimeshazibeba).

"Mzee Bakari," akasema Bi Somoe, "hili si ndilo dude la kuokoa kuni?"

Watu wakacheka huku wakikohoa moshi. Nikainama kuificha sura yangu, mkono ukagusa mwisho wa bomba, pale maziwa yanapotokea. Pa moto. Pale palitakiwa pawe vuguvugu tu. Kumbe joto tulilolihangaikia lilikuwa linajitokea zake nje, maana maziwa yakifuatana upande mmoja kama bwana na bibi harusi, hufika mahali yakawa na joto sawa, na hayana tena cha kupeana.

"Issa, nishikie hapa tuurudishe mpira kushoto."

"Na baraka?"

"Baraka imo, ndugu yangu. Joto ndilo halimo."

Akashika, akaunguza kidole, akasema subhanallah. Kwa makaa yaliyobaki tu, kipima joto kikapanda hadi nilipopataka. Maziwa ya Bi Somoe yakasalimika. Pilau ikaliwa baada ya alasiri, mchele ukiwa na kiini, na wageni (Mungu awape kheri) wakaisifu.

Mpaka leo Bi Somoe akipita hunisalimu, kisha huuliza dude limekula kuni za nani. Namshukuru Mungu kwamba ana maziwa ya kumfanya apite. Mimi msikitini nitaendelea kutanguliza mguu wa kulia, na chakula nitakula kwa mkono wa kulia, lakini bomba lile, aje nani anong'one sikioni mwangu, la kushoto litabaki kushoto.