Drili ya Michi

Mwalimu mkuu aliniambia huku ametazama pembeni, maana mwanangu alikuwa ananyonya na mimi sikuwa na pa kumweka.

"Mkaguzi anakuja wiki ijayo. Akiwakuta wasichana wako wamekaa tena ukutani, darasa lao litafungwa, nawe utarudi nyumbani kulea."

Kulea! Kama kwamba pale nilikuwa nafanya nini, mtoto mgongoni, chaki mkononi, mkojo wake unanichuruzika kiunoni.

Wasichana wale walikuwa kumi na mmoja, wa kwanza kufika darasa la nne katika shule yetu ya Bagamoyo. Wote walikuwa watoto bado, hakuna aliyekwisha kuingizwa ndani kuwa mwali. Drili walifundishwa na mwalimu mkuu mwenyewe, na yeye alikuwa ameitoa jeshini: filimbi, kushoto, kulia, goti juu. Baba zao walipoyaona magoti hayo mbele ya wavulana, walikuja na bakora zao mpaka mlangoni. Tangu siku ile filimbi ikilia, wasichana wangu hukaa ukutani wakasuka ukili wa mikeka. Nilikuwa na hasira na baba zao, na mwalimu mkuu, na hata na wao wenyewe, kwa jinsi walivyotulia.

Jibu nililipata uani kwangu, tunatwanga mpunga na jirani yangu, kinu kimoja, michi miwili, mmoja unapanda mwingine unashuka. Jirani akauachia wake hewani, akapiga kofi, akaudaka. Nikasimama.

"Mwenzangu, hii ndiyo drili!"

"Hayo masomo yako yatakutia wazimu," akasema. "Twanga."

Kesho yake kila msichana alikuja na mchi wa kwao. Vinu hatukuwa navyo, tukatwanga mchanga. Nguo ndefu, hakuna goti la kuonekana, na jasho linawatoka. Halafu nikawapanga duara: kila mmoja ausimamishe mchi wake, auache, aruke kulia audake wa mwenziwe kabla haujaanguka. Wakapiga kelele kwa furaha. Mmoja wa kijiji cha Zinga, mwembamba kama ufito, hakuuacha hata mmoja uguse chini. "Waongezee mbio, mwalimu! Hawa wazito kama magunia!" akawatania wenzake.

Lakini walikuwa hawaendi pamoja. Nikachukua debe, nikaanza kuwapigia ili waruke kwa mpigo mmoja. Sikuuchagua mpigo. Mkono wenyewe ulileta ule uliokuwamo, na duara zima likaruka kama mtu mmoja. Nikazidi kulipiga.

"Wee! Acha debe hilo!"

Kungwi alikuwa amesimama njiani na kikapu chake. Ndiye aliyewafunda mama zao karibu wote, na mimi pia alinifunda. Hapo ndipo nilipousikia mkono wangu. Ule ulikuwa mpigo wa ndani, tunaopigiwa wanawali tukifundwa, ambao wanaume hawausikii na watoto hawausikii. Na mimi nimeutoa uwanjani mchana kweupe, wavulana wamejaa madirishani.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitika. "Nani kakupa ruhusa?"

"Ni debe tu, bibi."

Jibu baya kuliko yote ningeweza kutoa. "Debe tu," akasema taratibu. "Haya."

Kesho yake walikuja wasichana wawili.

Zilibaki siku nne. Nilimfunga mwanangu mgongoni nikaenda kwa kungwi, nimekaza meno. Mama zao walikuwa wamekwisha kukaa mkekani, wananingoja.

"Msomi kaja," mmoja akasema. "Mpisheni asije akatupigia debe."

Wakacheka. Kungwi hakucheka. "Piga magoti useme umekosa."

Nikapiga magoti. Mtoto akaanza kulia, nikamwacha alie.

"Nimekosa mpigo," nikasema. "Drili sikukosa. Binti zenu mnawatwangisha tangu alfajiri, hamuoni haya. Wakitwanga shuleni, haya imeingia wapi? Darasa likifungwa hawatapata jingine. Mnajua hivyo, na bado mmekaa."

"Sikilizeni ulimi huo, na magoti yako chini," kungwi akasema.

"Ulimi haukupiga debe, bibi. Mkono ndio uliopiga, na mkono umekoma."

Kungwi akauliza, "Na mpigo utautoa wapi?"

"Watahesabu kwa vinywa vyao."

"Haya. Wahesabu. Nikisikia debe tena, sitakuja kuzungumza nawe."

Siku ya mkaguzi duara lilisimama. Moja, mbili, ruka! Sauti zilikuwa zinapishana, mchi mmoja ukamwangukia mtu mguuni, lakini waliruka. Mkaguzi, mzungu mwenye soksi ndefu, akaomba aushike mchi mwenyewe. Aliuacha ukaanguka, wasichana wakafa kwa kicheko. Akamwambia mwalimu mkuu kuwa darasa libaki.

Kisha akalitazama daftari la mahudhurio. "Majina kumi na moja. Naona kumi."

"Mmoja mgonjwa," mwalimu mkuu akajibu haraka, akanikazia macho.

Hakuwa mgonjwa. Alikuwa yule wa Zinga. Mama yake alimrudisha kwao akisema mtoto amekwisha kuusikia mpigo wa ndani, hakuna cha kungoja tena, bora aingizwe ndani sasa hivi. Alikuwa na miaka kumi. Siku mbili kabla ya mkaguzi nilikwenda Zinga kwa miguu, na nilichopewa mlangoni ni kikombe cha maji. Alikuwa nyuma ya ukuta ule, hatua tatu kutoka nilipokaa, na sikuruhusiwa hata kumwita.

"Hakuwa mgonjwa," nikamwambia mkaguzi. "Mimi ndiye niliyemtoa shule."

Akaniuliza nina maana gani. Kabla sijamjibu, mwalimu mkuu akapuliza filimbi, watoto wakarudi darasani.