Silinda Moja Hadi Kaniha

Nilichomoa waya wa plagi moja. Upumbavu wenyewe ndio huo, niuseme mapema tumalizane.

Pikipiki ni ya baba. Hapa Nyakisasa kila mtu ana ile nyembamba ya silinda moja, inayobeba mkungu wa ndizi, mbuzi na mgonjwa safari moja. Baba akaenda kununua kuukuu ya silinda mbili, nzito kama fahali, kwa sababu muuzaji alishusha bei na baba hajawahi kukipa kisogo kitu cha bei rahisi. Vijana wa kijiweni walimpokea kwa vicheko.

"Mzee, hiyo si inakunywa kwa midomo miwili?"

Baadaye mgongo ukamsumbua, ufunguo ukawa wangu, likizo hadi likizo.

Sasa dada yangu aliyeolewa Kaniha akajifungua mtoto wa kike. Kwa wakwe zake, siku mtoto anapotolewa nje mara ya kwanza ndipo anapewa jina, na jina linatolewa na wakubwa waliopo. Asiyekuwepo hana lake. Mama alitaka mtoto aitwe jina la marehemu bibi, na wakwe walikubali kumngoja mpaka jua la utosi. Basi nimpeleke mimi.

Baba alijaza tenki. Nikapiga hesabu zangu za kidato cha tatu: silinda mbili zinakula cha watu wawili, nikiifunga moja, mafuta yatabaki, na nikirudi nitapita Ngara mjini taratibu, mbele ya stendi, nionekane. Alfajiri nikachomoa waya mmoja, nikauficha chini ya tenki. Fizikia haijawahi kunipendeza kama asubuhi ile.

Tambarare ilienda, ikitetemeka kama mtu mwenye homa. Kilima cha kwanza ikaanza kukohoa. Cha pili mama akashuka na kikapu chake, akapanda kwa miguu, mimi nikimfuata kwa gia ya kwanza. Kumbe silinda iliyofungwa iliendelea kunywa vilevile, ila haifanyi kazi, kama mjomba fulani ninayemjua. Mafuta mabichi yakalipukia kwenye ekzosi, pa! Mbuzi wa watu wakakimbilia migombani.

"Imekuwaje leo?" mama akauliza.

"Ni mzigo, mama."

"Mzigo ni mimi au kikapu?"

Kumwambia ukweli kulikuwa kuzito kuliko pikipiki, au ndivyo nilivyodhani kabla sijaisukuma.

Alipoingia vichakani kujisaidia, nikarudisha waya haraka. Haikusaidia kitu, plagi ilikuwa imelowa chapachapa. Nikaifungua, nikawa naifuta kwa pindo la shati, nikageuka, mama huyu hapa. Aliiangalia plagi. Akauangalia waya. Akakaa juu ya jiwe, akavua viatu.

Nilivyoirudisha, mashine ikagoma kabisa. Nikasukuma. Mikono ikafa ganzi, jasho likaniingia machoni. Bodaboda mmoja akapunguza mwendo pembeni yetu.

"Dogo, hiyo pikipiki au ng'ombe? Mbona unaichunga?"

"Mwache achunge," mama akamjibu, "isije ikala shamba la mtu."

Yule akacheka mpaka akayumba. Mimi hata kicheko sikuwa nacho, na kwa kawaida huwa nacho cha akiba. Jua lilikuwa limeshatupita utosini. Mama alilitazama mara moja tu, halafu akatazama chini, akaendelea kutembea peku.

Plagi ilikuja kukauka alasiri, mashine ikawaka. Tukafika Kaniha watu wakinawa mikono baada ya kula. Nikatoa shikamoo mstari mzima, nikinuka petroli. Mama mkwe wa dada akaja kumshika mama mikono yote miwili.

"Tuliwangoja, dada yangu. Wazee wakasema mtoto asichwewe na jua bila jina."

Walikuwa wamempa jina la shangazi wa baba yake. Mama akampokea mtoto, akamwita kwa jina hilo hilo, jipya, akasema ni zuri. Dada akanitazama. Ningependa anitukane.

Kesho yake silinda zote mbili zilifanya kazi. Vilima vilevile tulivipanda kama hakuna kilima, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ngara mjini sikupita. Mama alikaa nyuma njia nzima, mkono wake kiunoni mwangu, hausukumi wala haubani.

Nyumbani baba alikuwa mlangoni; hata sijazima, kiganja chake tayari juu ya tenki.

"Imekula sana?"

Mama akashuka, akatua kikapu, akanyoosha mgongo. Akanigeukia mimi.

"Siku ukioa, mkeo akipata mimba," akasema, "niambie mapema. Nitakuja kwa miguu."