Meno Kwenye Udongo Mweupe

Nina shahada na umri wa miaka arobaini na saba, kwa hiyo sina wa kumsingizia. Nilikwenda chuoni Kizota kujifunza kutengeneza saruji isiyochafua sana hewa, inayotumia mawe ya chokaa yaliyosagwa na udongo mweupe uliochomwa. Kila mwanafunzi alipewa ndoo moja ya udongo mbichi kwa jaribio la mwisho. Ukiuharibu, hupati cheti.

Asubuhi ya kwanza nilikuta bonge moja ndooni mwangu lina alama za meno. Yalikuwa meno madogo, yaliyopangika, ya binadamu. Asubuhi ya pili yalikuwa yameumwa mabonge matatu, na juu ya vumbi lililotanda sakafuni mwa stoo hapakuwa na unyayo hata mmoja. Upepo ulipita chini ya mlango kama mtu anayevuta pumzi, ukitandaza vumbi upya.

Siku ya tatu nilipiga magoti, nikakemea pepo kwa sauti, nikamwagia ndoo nzima chumvi ya upako niliyopewa kanisani. Somo letu la kwanza, kwamba chumvi ndani ya saruji hula nondo, lilinitoka kabisa.

Mchana, mwalimu wetu, injinia mwenye ujauzito wa miezi saba, alikuja kukagua ndoo mbele ya darasa. Alichukua bonge langu, akalipangusa, akaling'ata.

"Mnisamehe jamani, mtoto ndiye anayeudai," alisema, na wenzangu wakacheka. Kisha akaacha kutafuna. "Kaka Chilongani, mbona leo udongo wako una chumvi?"



"Nilikuwa nakufukuza wewe, mwalimu."