Kompyuta Ilimwoza Mume Wangu

Kompyuta yetu ya dukani ilimwoza mume wangu mke wa pili. Ilifanya hivyo asubuhi, bila posa, bila wazee, kabla sijamaliza chai.

Mnaocheka chekeni. Mimi siku ile sikucheka.

Tuna duka la picha, mimi na mume wangu. Yeye anapiga, mimi nasafisha. Watu wanamwita Lenzi, maana hata akila, mkono mmoja uko kwenye kamera. Yeye ndiye anayekwenda harusini na taa zake. Mimi nabaki dukani na kompyuta, nawafuta mabwana harusi chunusi na kuwapunguzia mashangazi videvu.

Kazi yangu ni nyuso. Shikeni hilo.

Sasa, kuna kampuni moja ilitangaza kwamba inatafuta watu wa kujaribu mfumo wake mpya wa kompyuta kabla haujatoka rasmi. Toleo la majaribio. Unauweka kwenye mashine yako bure, unautumia, ukikwama unawaambia umekwama wapi.

Lenzi aliposikia alinitazama juu ya miwani.

"Mashine ya kazi haifanyiwi majaribio," alisema. "Tafuta ya kuchezea."

"Ya kuchezea iko wapi hapa?"

"Ndiyo nakwambia usicheze."

Nikauweka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na siku hiyo guu langu lilikuwa linawasha.

Mwanzoni raha tupu. Rangi nzuri, herufi nzuri, kila kitu kinafunguka chap. Nikawa natembea dukani kifua mbele, mtu wa kesho.

Halafu vituko vikaanza.

Mshale wa maus ukawa unapotea. Nautafuta skrini nzima, kumbe umejibanza kona unanichungulia. Kibodi ikawa inarudia herufi, naandika jina la mteja linatoka kama la mtu mwenye kigugumizi. Mashine ikawa inajizima yenyewe ili ijiwekee apdeti, na ilikuwa inangoja nimalize kazi na niwe sijasevu. Nikiuliza tatizo ni nini, inaandika: "Kuna kitu hakikwenda sawa."

Kitu gani? Kimya. Utadhani mume aliyechelewa kurudi.

Printa ndiyo ilichanganyikiwa kabisa. Ikawa inatoa watu bila vichwa. Bibi mmoja alikuja kuchukua picha ya pasipoti akapewa mabega.

Basi fundi wa printa akawa mtu wa nyumbani. Mwanaume mmoja mcheshi, tunamwita Wino. Kila akija tunaingiza vichwa viwili ndani ya ile printa, mimi nimeshika simu ya kumulika, yeye anachokonoa. Tulikuwa tunacheka, maana ungefanyaje, ulie?

Lakini kituko cha vituko vyote kilikuwa pipa la taka. Picha ulizofuta zilikuwa zinarudi. Unafuta jioni, asubuhi unazikuta zimekaa pale kama wageni waliokosa gari.

Na juu ya hapo mfumo ule ulikuwa na ujuzi wake mpya wa kutambua sura. Unakusanya picha zote zilizomo, hata za kamera ya ulinzi iliyo juu ya mlango wetu. Unaangalia nani yuko na nani mara nyingi, halafu unatengeneza albamu wenyewe na kuipa jina. Hakuna aliyeutuma.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mchana kulikuwa na harusi, Lenzi yuko stoo anakunja nyaya zake. Nikafungua kompyuta.

Katikati ya skrini, albamu mpya. Moyo mwekundu unadunda. Chini yake jina: "Wapendanao."

Ndani, mume wangu na Poda.

Niwaambie Poda ni nani. Poda ni mpambaji wa maharusi. Kila harusi ya Lenzi, yeye yuko na sanduku lake la vipodozi. Anamwita Lenzi kaka, na mimi alikuwa akiniita wifi. Wifi wa ukoo jamani, si ule wa intaneti. Akitoka harusini huniletea kipande cha keki kwenye karatasi. Nilikuwa nampenda.

Picha ya kwanza, wameshikana mikono. Ya pili, paji kwa paji. Ya tatu, mkono wa mume wangu uko kiunoni mwa Poda. Kumbi tofauti, nguo tofauti, mume ni yuleyule. Na mfumo ukapiga kinanda cha taratibu, uninogeshee.

Mfumo ulioshindwa kutoa kichwa cha bibi wa watu, kwa hili ulikuwa bingwa.

Nikabonyeza kuuliza picha zimetoka wapi. Ukajibu: "Zimerejeshwa kutoka pipa la taka."

Yaani zilikuwa zimefutwa. Sasa nani hufuta picha isiyo na siri?

Wivu, ndugu zangu, hauombi ruhusa. Nikaanza kukumbuka vitu. Zile keki zilikuwa za nini? Mtu anakulisha keki harusi baada ya harusi kwa nini, kama si kukuziba mdomo? Nikakumbuka Lenzi aliwahi kusema, "Poda ana subira sana." Na mimi je, sina? Nimeolewa na mtu anayelala na chaja za betri kitandani, halafu subira ni ya Poda?

Nikakumbuka kucha zake. Nilizisifia mwenyewe, kwa mdomo wangu huu.

Nikajiona kwenye kioo cha wateja. Macho mekundu ya skrini, gauni lina doa la wino, nywele nimezibana na kalamu. Wivu ukaninong'oneza: unaona sasa?

Nikafanya kosa. Nikamwita muuza maua wa mlango wa pili aje aone. Ukitafuta mtu wa kukutuliza, usimwite yule. Aliangalia albamu yote mpaka mwisho, akashika kiuno.

"Dalili ya mvua ni mawingu, shoga yangu," alisema. "Na hapa tayari kunanyesha."

"Labda ni mambo ya kazi."

"Kazi gani ya kushikana viuno? Mimi nauza maua ya harusi hizo hizo, mbona sishikwi?"

Nilichokuwa nacho ni hasira tu, na hasira hasara, lakini siku hiyo nani angenikumbusha.

Ningekunywa maji nikakaa, yangepita. Bahati mbaya Poda aliingia wakati huo huo, sanduku mkononi, ananukia vizuri. Hata kunukia kwake kuliniudhi. Kwenye benchi kulikuwa na wateja wamejaa.

"Wifi, habari za asubuhi. Kaka yupo?"

"Kaka," nikasema. "Kaka gani mnashikana viuno?"

Nikaigeuza skrini ielekee benchi. Kinanda kilikuwa bado kinalia. Wateja wakanyoosha shingo waone.

Niliyomwambia sitayaandika, wengine mnasoma mkiwa na watoto karibu. Nilimalizia hivi: "Na hilo jina la wifi litoe mdomoni mwako. Mimi si wifi yako."

Poda hakupandisha sauti. Aliangalia skrini, akaniangalia mimi, akaweka sanduku chini.

"Kaka," akaita kuelekea stoo. "Njoo umweleze mkeo."

Lenzi akatoka na waya shingoni. Akaitazama albamu. Nikangoja atetemeke. Nilikuwa nimejiandaa kabisa kwa kutetemeka kwake, hata jibu nilikuwa nalo. Yeye akakuna kidevu.

"Hizi ni za kupima taa."

"Za kupima nini?"

"Taa. Kabla maharusi hawajaingia lazima nijue kivuli kinaangukia wapi. Huwezi kupima kwa kiti. Maharusi watashikana, basi tunaopima tunashikana. Watagusana mapaji, tunagusana mapaji, maana pua ya mmoja humtia mwenzake kivuli. Nikimaliza nazifuta, usije ukapoteza siku kusafisha sura zisizo na mteja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nakwambia kila siku. Nikirudi si nasema tulichelewa kupima taa?"

Kweli alikuwa anasema. Mimi nilidhani taa inapimwa kwa mashine.

Lakini wivu ukishavaa viatu hauvui upesi. Tena mbele ya benchi zima.

"Kompyuta imeandika wapendanao," nikasema. "Imeona kitu."

Lenzi akavuta pumzi. Akashika maus. Kwanza ikabidi autafute mshale, maana ulikuwa umepotea tena, na sote tukasubiri. Akaupata. Akaingia mahali mfumo unapoweka albamu zilizofichwa, akafungua moja.

Moyo mwekundu unadunda. Kinanda. "Wapendanao."

Mimi na Wino.

Mimi na Wino tumeinamia printa, vichwa vimegusana. Mimi na Wino tunacheka hadi meno ya nyuma. Wino kanishika bega. Kamera ya juu ya mlango ilikuwa imetupiga kila alipokuja. Kuna moja nimefumba macho, midomo nimeibenua. Niliingiwa na vumbi la wino, nilikuwa napuliza. Lakini nenda kamweleze muuza maua.

Benchi likaguna.

Muuza maua akakumbuka kuwa maua yake hayajamwagiwa maji, akaondoka.

"Hii uliiona lini?" nikamuuliza Lenzi. Sauti yangu ilikuwa imeshuka yenyewe.

"Mwezi uliopita. Siku hiyo nilifungua kompyuta kabla yako, nikaificha."

"Ukanyamaza?"

"Ningesema nini?"

"Haikukuuma?"

Akafikiri. Lenzi hajui kudanganya, ndiyo maana wateja huwa nawapangia bei mimi.

"Iliniuma," akasema. "Mpaka nilipomaliza chai. Halafu nikakumbuka printa ilikuwa mbovu."

Nilitamani ardhi inimeze pamoja na ile kompyuta.

Nikamgeukia Poda. Alikuwa ameshanyanyua sanduku.

"Nisamehe," nikasema. "Ni huu mfumo."

"Bibi harusi ananisubiri," akajibu. "Yeye hana kosa, nitampamba. Ila kwenye taa za kaka sisimami tena, mama. Tafuteni mtu mwingine."

Mama. Alilisema kwa adabu zote, vile unavyomwita mwanamke usiyemjua aliyekukanyaga kwenye foleni.

Mtu mwingine akawa mimi. Nilifunga duka nikaenda ukumbini. Viti vimepangwa, hakuna mtu. Lenzi akanisimamisha kwenye alama ya utepe sakafuni, akashika rimoti ya kamera, akaja akasimama mbele yangu. Mkono kiunoni. Paji kwa paji.

Taa ile inachoma, jamani. Jasho lilinitiririka mgongoni, shingo ikakaza, miguu ikafa ganzi. Lakini moyoni nilikuwa nangoja kitu. Hatukuwa tumesogeleana hivyo tangu harusi yetu wenyewe. Nikayainua macho nikamtazama mume wangu, nikangoja naye anitazame.

Alikuwa anatazama taa.

Juu ya bega langu, moja kwa moja, taa.

"Shusha kidevu," akasema. "Hapo hapo. Usipumue."

Ndipo zile picha zikanijia, moja baada ya nyingine. Zote alikuwa anatazama taa. Na Poda, kwenye zote, alikuwa anatazama sanduku lake lisiibwe. Mimi niliyesafisha macho ya nusu ya mji huu, sikuangalia macho yanatazama wapi. Niliangalia mikono tu.

Jumatatu mfumo ukatengeneza albamu ya picha za siku ile, mimi na mume wangu wa ndoa. Niliifungua kwa pupa. Hakukuwa na moyo, hakukuwa na kinanda. Jina lake: "Watu wawili wasiojulikana."

Lenzi alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilicheka nusu.

Mchana wake niliuondoa, nikarudisha mfumo wa zamani. Printa ikapona siku hiyo hiyo, vichwa vikarudi. Wenye mfumo niliwaandikia kila kitu, wakajibu kwamba wanashukuru na watalifanyia kazi kwenye toleo lijalo. Mimi toleo lijalo sitakuwepo.

Sitawadanganya kwamba nimepona wivu. Anayesimama kupima taa mpaka leo ni mimi. Lenzi anadhani nimeipenda kazi.

Funzo langu ni hili. Kitu cha majaribio kaa nacho mbali na mashine ya kazi, na mbali zaidi na ndoa yako. Na ukioneshwa picha ya mwenzako, angalia macho kwanza, mikono baadaye.

Poda nilimfuata kwake na keki nzima. Aliipokea, akanishukuru, akanipa na chai. Bado anafanya kazi na Lenzi. Jumamosi iliyopita aliingia dukani, akaweka sanduku chini, akaniambia, "Mama, habari za asubuhi. Kaka yupo?"

Mfumo ule ulirudisha kila nilichowahi kufuta, hata nisichokitaka. Jina la wifi nililifuta kwa mdomo wangu, na hilo halijarudi.