Shahidi Aliyesimama Kando ya Kizimba

Siku yangu ya kwanza katika mahakama ya Kisii nilivaa koti la kuazima. Karani Mkuu, mzee mkali aliyekuwa akikohoa kwanza ndipo aseme, alinipeleka hadi kando ya kizimba, yaani kile kibanda cha mbao anamosimama mshtakiwa, akanionyesha sakafu. "Hapa ndipo mahali pako mpaka ustaafu," akasema. "Wewe ni mdomo tu. Mshtakiwa akitukana, tukana. Akilia, usilie." Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya uhuru. Nilikuwa nimetoka Kericho, nilikokuwa karani wa kupima majani ya chai, na Kiingereza changu nilikipata huko kwa kukaripiwa.

Nilikuwa mkalimani. Watu wetu walisema Ekegusii, askari wakasema Kiswahili, hakimu akaandika Kiingereza kwa mkono, neno kwa neno, nami nikawa katikati yao kutwa nzima nimesimama. Miguu iliniuma mpaka nikazoea. Hati ya mashtaka ilisomwa, mshtakiwa akakiri au akakana. Akikana, mashahidi wa serikali waliitwa mmoja mmoja, naye akawauliza maswali yake. Wakimalizika, hakimu alimweleza njia tatu za kujitetea: kula kiapo na kukubali kuhojiwa, kusema bila kiapo, au kunyamaza. Wengi walikimbilia kusema bila kiapo wakidhani wameponyoka, kumbe maneno ya namna hiyo hupewa uzito mdogo. Nilitamani kuwanong'oneza. Sikuruhusiwa.

Nilihamishwa Nyamira miaka kadhaa, chini ya hakimu mmoja aliyechukia kelele hata za kalamu. Huko kesi zilikuwa za mipaka na ng'ombe. Niliporudishwa Kisii, miaka ya sabini imeanza, nilikuta barabara zimeleta kesi zake. Malori ya pareto na ndizi yalikuwa yameongezeka, na kila Jumatatu kulikuwa na dereva kizimbani kwa kosa la kuendesha gari akiwa mlevi.

Nyinyi mnapuliza kidude barabarani na namba inatokea. Sisi hatukuwa na kitu hicho. Ushahidi wa ulevi ulikuwa pua ya askari. Alisema amesikia harufu, ameona macho mekundu, ulimi ni mzito. Askari mwangalifu alichora mstari wa chaki akamwambia dereva aufuate, kisha akampeleka hospitali apimwe na daktari siku hiyohiyo. Askari mvivu aliishia kwenye pua. Adhabu ilikuwa faini au jela, na hakimu akipenda, vyote viwili. Lakini kilichowatia madereva jasho ni leseni. Faini ukoo ulichanga. Leseni ikifutwa, ukoo mzima haukuwa na la kufanya.

Sasa niseme habari ya Ombati, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Ombati alikuwa jirani yangu, ng'ambo ya kijito, upande wa Keroka. Alikuwa Msabato kama mimi, na hakuwa mlevi. Mimi nilikuwa shemasi kanisani. Alipopata kazi ya kuendesha lori jipya la mfanyabiashara mmoja, baba yake, ambaye hakuwahi kuingia kanisani, alisema kijana hataligusa lori hilo kabla hajabarikiwa. Akapika pombe, akaita wazee. Ilikuwa Jumapili mchana. Wazee walikaa kukizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakivuta tangu asubuhi.

Nami nilikuwepo. Mkewe mzee alinipigia kelele kutoka kijitoni, "Karani, hata kutusalimia tu?" nikaona haya kukataa. Niliketi nyuma ya wazee, nikapewa chai. Ombati naye alikunywa chai. Tuliokuwa na akili timamu pale tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Kisha mzee akavuta pombe kinywani, akamwita mwanawe, akampulizia kifuani, halafu kwenye viganja vyote viwili, akasema, "Mikono hii ishike usukani, isishike damu." Ndivyo baba alivyombariki mtoto kwetu. Shati la Ombati lililowa. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi wa nyumba ile. Akapanda lori, akaondoka kwenda Kisii kupakia mizigo.

Hakufika. Karibu na Keumbu askari walimsimamisha, mmoja akaingiza kichwa dirishani, basi.

Jumatatu nilisikia kwamba ni Ombati aliyekamatwa. Sheria ya kazi yetu ilikuwa wazi: mkalimani anayejua jambo la kesi anamwambia hakimu kabla kesi haijaanza, anatafutwa mwingine, naye anakuwa shahidi. Mambo yenyewe ni hayo tu. Lakini Karani Mkuu alikuwa amemfukuza mwenzetu mwezi uliopita kwa kuonekana mahali pa pombe, hata kama hakunywa, maana alisema mahakama haiwezi kuwa na wafanyakazi wa vyunguni. Na kanisani, shemasi kuketi mbele ya chungu, tena wakati wa mambo ya kimila! Wangenitoa mchana kweupe. Nilikuwa na watoto sita. Nikajiambia, Ombati atakana, ushahidi ni harufu tu, ataachiliwa. Siku ya kesi ilipofika, nikasimama mahali pangu.

Kwa kweli alianza vizuri. Hakuwa na wakili, lakini alimhoji yule askari mpaka watu wakasogea mbele kwenye viti.

"Ulinichorea mstari wa chaki?"

"Kulikuwa na matope."

"Ulinipeleka kwa daktari?"

"Kesho yake."

"Ile harufu ulinusa mdomoni ama kwa shati?"

Askari alimtazama Inspekta, mwendesha mashtaka wa polisi. "Harufu ni harufu, bwana," akasema. Watu wakacheka. Nami nikatafsiri huku moyo ukipata nguvu. Niliona hakimu, mtu wa kutoka Ukambani, mtaratibu sana, akipigia mstari jibu lile.

Ombati alichagua kula kiapo. Alieleza baraka ya baba yake yote, huku wazee wawili wa kanisa wakimkodolea macho kutoka kiti cha nyuma. Alijua watamfuta ushirika. Alisema tu. Kisha akamwita baba yake.

Mzee alipanda kizimba cha mashahidi akiwa na kofia mkononi. Alisimulia kama mwanawe alivyosimulia. Inspekta akainuka. "Mzee, wewe siku hiyo ulikuwa umekunywa?"

"Sasa ningempulizia nini?" mzee akajibu. "Mate?"

Watu wakaangua kicheko, lakini hakimu hakucheka. Aliweka kalamu. "Na wenzako wote waliokaa kwenye chungu?"

"Walikunywa."

"Basi mahakama imwamini nani? Hapakuwa na hata mtu mmoja ambaye hakunywa?"

Nilitafsiri swali hilo kwa Ekegusii nikimtazama mzee usoni. Haiwezekani kutafsiri bila kumtazama mtu. Midomo yake ilifunguka. "Alikuwepo mmoja," akasema.

Nikasema kwa Kiingereza, alikuwepo mmoja.

"Ni nani? Aitwe."

Mzee aligeuka kumtazama mwanawe. Ombati alitikisa kichwa, kisha akamwambia hakimu, "Mheshimiwa, huyo mtu nikimtaja atafutwa kazi, na ana watoto wadogo. Kama hakuja mwenyewe, sitamtaja."

Hakimu alinigeukia akingoja. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno mawili tu: ni mimi. Maneno yalikuwa tayari kinywani. Badala yake nilifungua mdomo nikasema kwa Kiingereza safi, kila neno mahali pake, "Nikimtaja atafutwa kazi, na ana watoto wadogo." Sauti haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba haikutetemeka.

Hakimu aliandika, akafikiri, akasema mshtakiwa anayemficha shahidi anayeweza kumwokoa ni vigumu kumwamini. Alimpata na hatia. Akamuuliza kama ana la kusema apunguziwe adhabu. Ombati akasema ana mke, na lori si lake. Alitozwa faini, na leseni ikafutwa. Hakwenda jela, na wakati ule nilijipa moyo kwa jambo hilo, kana kwamba mimi ndiye niliyemwepusha.

Lori lilipewa dereva mwingine wiki hiyohiyo. Kanisa lilimfuta Ombati ushirika. Alirudi kulima, akawa anabeba ndizi kichwani hadi soko la Keroka. Tulipokutana njiani alinisalimu kwa heshima, "Karani, habari za kazi?" nami nikajibu nzuri, nikaongeza mwendo. Niliendelea kusimama kando ya kizimba. Madereva waliokuja baada yake walihukumiwa au kuachiliwa, nikawatafsiria wote. Nilisifiwa. Walinipandisha cheo.

Nilistaafu kabla miaka ya sabini haijaisha. Walinipa saa ya ukutani na hotuba ndefu, na hakimu mpya akasema vijana waige uaminifu wangu. Sikulala. Asubuhi nilivuka kijito.

Ombati alikuwa anapalilia. Nikamwambia bila kuzunguka, "Nilikuwa shahidi wako, nikanyamaza. Niliitazama faida yangu tu. Nimekuja kuomba msamaha."

Alisimika jembe, akajifuta uso. Hakuonekana kushangaa. "Mimi nilikusamehe palepale kortini," akasema. "Ningekuwa wewe pengine ningenyamaza vilevile. Kazi ya karani si mchezo."

Nilianza kumshukuru. Akainua mkono.

"Ila baba hakujua mambo ya ushahidi. Alichojua ni kwamba alinipulizia pombe mikononi na mikono hiyo ikapoteza kazi. Alidhani baraka yake imegeuka laana. Ndugu zangu wawili wameoa, dada yangu ameolewa, na kila mmoja alipiga magoti mbele yake. Alikataa. Aliwaambia, 'Ondokeni, kinywa changu ni kibaya.' Alikufa mwaka juzi, karani, bila kumbariki mtoto mwingine hata mmoja."

Nilimuuliza kwa nini hakuja kuniambia, ili nimweleze mzee mwenyewe, hata kwa siri, kwamba kosa lilikuwa langu.

"Nilimwambia mimi," Ombati akasema. "Akaniuliza, kama ni hivyo, mbona karani hajaja kusema?"