Nywele za Kupigia Magoti

Nyumba yetu ya Mabatini, hapa Mwanza, iko juu ya mawe, na anayepanda kuja kwetu hupita kando ya paa la jirani wa chini. Ncha ya bati lake iko usawa wa uso. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, nimeshika ndoo ya maji, mguu ukateleza, bati likanipata kwenye paji la uso upande wa kulia, pale nywele zinapoanzia. Simlaumu jirani. Paa lake lilikuwepo kabla sisi hatujajenga, na ni yeye aliyenifunga kichwa kwa kanga yake akanipeleka zahanati nikashonwa.

Nyuzi zilipotolewa kilibaki kidonda chenye ukoko, kinapona taratibu. Kingeendelea hivyo bila shida, ila Jumapili iliyofuata ilikuwa kipaimara cha mdogo wangu, nyumbani Misungwi, na huko yuko mama.

Hapa inabidi nieleze vizuri nisije nikamwonea mtu. Mama hakumtaka mume wangu tangu mwanzo, lakini hakuwa na ubaya naye. Aliogopa. Dada yake, yaani mama yangu mkubwa, aliolewa na mtu wa kupiga, na kila alipoulizwa alijibu kwamba amejigonga mlangoni, au ameteleza kisimani. Mama alimwamini kwa muda mrefu. Tangu alipoujua ukweli, mwanamke akimwambia ameanguka, mama haulizi ameangukia wapi. Anauliza mume yuko wapi. Na mimi aliniambia siku naolewa kwamba akiona alama usoni pangu, sitarudi tena Mwanza. Mama si mtu wa kutishia tu.

Mume wangu hajawahi kuninyanyulia mkono. Sauti ananyanyua, na mimi ya kwangu nanyanyua pia.

Yeye alitaka tumpigie mama simu tumwambie lililotokea. Pengine alikuwa sahihi, mpaka leo sijui. Niliona ukweli wangu umefanana mno na uongo wa mama mkubwa.

Basi nikaenda Igogo kwa wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye ndiye hunisuka. Hatukuwa watu wa kushibana sana. Aliwahi kusema mbele ya wageni kwamba ugali wangu unaweza kunywewa kwa mrija, na kwa siku ile hakukosea. Nikamwambia shida yangu, nikaomba anisuke mistari ya kuja mbele. Akanishika nywele, akakataa. Msuko wa kubana unavuta ngozi, akasema, kidonda kitafunguka padri hajamaliza mahubiri. Kilemba nacho hakikufaa. Sijawahi kufunga kilemba, na mama anajivunia hizi nywele zangu ndefu kuliko mimi mwenyewe. Ningefika nimezifunika angezifunua kabla sijatua mkoba.

Alinikalisha chini barazani, akanipaka mafuta ya nazi kila mahali isipokuwa pale penye kidonda. Akachora njia ya mshazari kuanzia upande wa kushoto, nywele zote za mbele akazilaza kuja kulia, akazisokota kwa ulegevu na kuzibana kwa pini nyuma ya sikio. Nikajitazama kwenye kioo. Kidonda hakionekani. Nikaanza kushukuru.

"Bado," akasema. "Piga magoti."

Kwetu Wasukuma binti hamsalimii mama yake kwa kusimama. Hupiga magoti na kuinamisha kichwa. Mimi niliyezaliwa na mama huyo sikuwa nimelikumbuka hilo hata kidogo. Wifi akakaa kwenye kigoda, akakunja uso akawa ndiye mama. Nikapiga magoti, nikasema shikamoo, nywele zote zikaniangukia mdomoni.

"Marahaba, mwanangu," akajibu. "Mumeo tumfunge leo au kesho?"

Akafumua, akaanza upya. Safari hii alisuka kwanza kisuko kidogo kwa ndani, huku nyuma kusikoonekana, akakifunga kwa uzi mweusi, kisha yale masokoto ya mbele akayashikiza hapo. Uzito wote ukakaa nyuma, kidonda kikawa chini ya nywele lakini hakikuguswa, na hewa ikapita. Sijui kama nimeeleza ikaeleweka. Nilipiga magoti mpaka yakauma, yeye akifumua na kurekebisha, mpaka nywele zikakubali kuinama nami na kuinuka nami. Halafu akanichekesha makusudi, aone kama zitahimili kicheko. Muda wote huo alikuwa akisema na majirani wanaopita, na vidole vyake havikunigusa penye maumivu hata mara moja.

Jumapili tulikwenda wote watatu, mimi, mume wangu na wifi. Mama alikuwa uani anachambua mchele. Nikapiga magoti, nikainama, nywele zikatulia. Akazisifu, akauliza nani kanisuka, nikamwonyesha wifi nyuma yangu. Kisha akaweka kiganja kichwani pangu, kama anavyofanya siku zote akiitikia, na mwili wangu ukashtuka kabla sijauzuia.

Mama akaweka ungo chini. Akatuita chumbani mimi na wifi, akafunga mlango, akazinyanyua zile nywele taratibu. Hakuniuliza mimi kitu. Alimtazama wifi.

"Kaka yako yuko wapi?"

Wifi naye akapiga magoti. "Yuko nje, mama, anashusha kreti za soda. Hili ni bati la jirani. Ungekuwa mkono wa kaka yangu nisingeuficha. Ningemnyoa kipara nikamleta hivyo hivyo uone."

Mama alikaa kitandani. Huko jikoni wanawake walikuwa wakibishana juu ya chumvi.

"Dada yangu," akasema mwishoni, "mawifi zake walikuwa wanamfungia mlango akiwakimbilia."

Kisha akajaribu kuzirudisha nywele zangu, zikamshinda. Wifi akampa ncha ya uzi aishike, na mama akaishika mpaka kazi ikaisha. Tukatoka, tukala, mdogo wangu akapewa zawadi zake. Mama alimwitikia mume wangu salamu, lakini kwa ufupi. Siwezi kuandika kwamba aliamini siku ile.

Aliamini, nadhani, alipokuja kwetu baada ya mavuno. Alipanda mawe pole pole, nami nikitangulia. Penye paa la jirani akanisimamisha. Akaweka kiganja kwenye ncha ya bati, akakisogeza kwenye paji langu bila kukipandisha wala kukishusha. Kikatua juu ya kovu.

Akauliza mume wangu yuko wapi, maana amemletea karanga.